Iacheni Mota ya Watu

Mji huu una watu wengi wasiojua kutunga uzi sindanoni, lakini sijapata kukutana na asiyejua ugonjwa wa mota. Uzi ukikatika, mota. Sindano ikivunjika, mota. Mshono ukiruka hapa na pale, "Mzee, mota hiyo imechoka." Kitambaa kikikunjamana, "Mota haina nguvu." Nimemsikia kwa masikio yangu bwana mmoja mwenye tumbo lake akidai kanzu imembana kwa sababu ya mota. Na wote hao, kabla hawajamaliza kusema, mkono umeshaingia mfukoni kutafuta bisibisi.

Nimenyamaza miaka mingi. Leo nasema. Katika cherehani ya zamani hakuna kiungo chenye madai machache kuliko mota, na hakuna kinachoonewa kuliko hicho.

Cherehani ninayoitetea si yangu, ni ya mama watoto, aliyerithi kwa shangazi yake. Ni Singer 201K, nyeusi, chuma kitupu, yenye nakshi za dhahabu zilizofutika pale kiganja kinapopita kila siku. Hiyo herufi K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank huko Uskochi, na namba iliyogongwa ubavuni inaanza na E, herufi waliyopewa watu wa huko. Kilikuwa kiwanda cha kutisha. Walipogoma mwaka 1911, watu wapatao 11,000 waliweka zana chini. Kilikuwa na mnara wa saa yenye nyuso nne, ukabomolewa mwaka 1963. Kiwanda chenyewe kikafungwa mwaka 1980, kikabaki kituo cha treni ambacho hadi leo kinaitwa Singer. Yaani mnara umekwenda, kiwanda kimekwenda, na cherehani ipo hapa Ngamiani, Tanga, inapinda kanga. Halafu anakuja kijana aliyezaliwa juzi anasema, "Hii ya kizamani, haitadumu."

Wasiojua kanga wanieleze wanapindaje wenzao. Sisi doti ikitoka dukani haijakatwa wala haijapindwa. Unaikata mwenyewe katikati, unapinda ncha, ndipo unaweza kutoka nayo mbele za watu. Hiyo ndiyo kazi ya mama watoto, na 201K imeumbwa kwa kazi hiyo. Haijui zigizaga. Haina maua, haina herufi za kudarizi, haina kioo cha kubonyeza. Inajua kwenda mbele na kurudi nyuma, mshono ulionyooka ambao ukiutazama kwa miwani hupati pa kuulaumu. Mota imebandikwa mgongoni mwake, inaenea kiganjani, imeunganishwa na gurudumu kwa mkanda mmoja. Umeme inaokula mara nyingi haufiki wati 100. Hiyo ndiyo mota inayolaumiwa mji mzima.

Sasa nitaeleza kilichomo ndani, maana najua mtafungua tu. Kuna koili mbili zilizotulia, na katikati yake kuna amecha inayozunguka. Umeme hupita kwanza kwenye koili zilizotulia, kisha huingia kwenye amecha kupitia vijiti viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi vikaegemea pete ya vipande vya shaba. Pete hiyo wenye elimu yao huiita komuteta. Mafundi wa mtaani kwetu huiita "pale panapotoa cheche." Uzuri wa mpango huu ni kwamba umeme uleule mmoja unapita pote pawili. Ukigeuka, umegeuka kote, na mota inaendelea kuzunguka upande uleule bila kujua kilichotokea. Ndiyo maana mota hizi zinakubali umeme wa betri na umeme wa ukutani. Likumbukeni hili la kugeuka, nitalirudia kwa uchungu.

Kuhusu cheche. Kaboni ikigusa shaba inayokimbia, cheche ndogo za buluu lazima ziwepo. Ndivyo ilivyokuwa Clydebank, ndivyo ilivyo Tanga. Jirani yangu wa mkono wa kulia alizichungulia siku moja kupitia tundu la mota akapiga kelele ya moto, wakaja watu na ndoo. Mwenye ndoo ya kwanza nilimdaka mlangoni. Cheche za kuogopa ni zile za njano zinazozunguka pete nzima, tena zikiandamana na harufu ya kuungua. Hizo zinakuambia kaboni imeisha, au pete imechafuka, au koili mojawapo imeanza kufa. Lakini nani anasubiri kutofautisha rangi? Mtu akiona cheche, anafungua.

Na anayeongoza kwa kufungua ni shemeji yangu.

Shemeji ni mtu mwema, ana kazi yake ya maana, watoto wake wana adabu. Kasoro yake ni kwamba aliwahi kurekebisha feni, feni ikazunguka, na tangu hapo hakuna kitu chenye waya kilicho salama mbele yake. Mota ya 201K ina vifuniko viwili vidogo vyeusi ubavuni, huku na huku, vyenye mfereji wa bisibisi. Nyuma ya kila kifuniko kuna springi, na mbele ya springi kuna kaboni. Anayejua hufungua kimoja polepole huku amekifunika kwa kidole, maana springi imebanwa humo na inangoja uhuru. Shemeji alifungua vyote viwili kwa pamoja, huku anaongea na simu. Springi moja tuliipata chini ya kabati. Ya pili ilipatikana kwenye kibakuli cha tambi, na aliyeipata alikuwa mgeni.

Springi si neno, zinaweza kuokotwa. Kaboni ndizo zenye kisa. Kijiti cha kaboni kikishafanya kazi miaka kadhaa, ncha yake huchongeka ikafuata mviringo wa pete. Ukikitoa, unapaswa kukirudisha tundu lilelile, upande uleule, kama kilivyotoka. Ukikigeuza, kinagusa kwa pembe tu, cheche zinaongezeka, na mota inapiga kelele hadi kijichonge upya. Nilimwambia shemeji aziweke alama kwa penseli. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, kaboni ni kaboni." Akazimwaga zote mbili mezani, akazichanganya, akaanza kuisugua pete kwa msasa wa seremala.

Msasa wa seremala! Pete ile husafishwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilichochovywa spiriti kidogo, na mifereji iliyo katikati ya vipande vya shaba husafishwa kwa kijiti cha meno, taratibu, vumbi la kaboni litoke. Katika mifereji hiyo kuna maika, na kazi yake ni kutenganisha kipande na kipande. Ukijaza mle vumbi la shaba kwa msasa wako, umejenga daraja pasipotakiwa daraja. Haya yote nilimwambia. Alikuwa bado anaongea na simu.

Kwa hiyo mota ikapelekwa kwa fundi. Hapo ndipo maradhi halisi yalipoanza.

Fundi hakuifungua. Aliinusa. Akaitikisa sikioni. Akasema, "Amecha imekufa, lazima isukwe upya." Mafundi wetu wanapenda kusuka mota, nawaelewa, kuna pesa humo na ni kazi ya kukaa kivulini. Lakini mota iliyokuwa inazunguka jana usiku haina amecha iliyokufa. Nilibisha, yakazungumzwa, ikakubaliwa aisafishe tu na kutia kaboni mpya. Akatia. Aliporudisha inazunguka vizuri, haina kelele, inateleza. Ila inakwenda kinyume.

Gurudumu la cherehani hii lazima lije upande wa mshonaji. Likienda kinyume halishoni. Linasokota uzi chini ya sahani hadi unafanana na ndevu. Fundi alipopigiwa simu hakutikisika. "Geuza plagi, Mzee." Plagi zetu ni za pini tatu, haijalishi nani amekuambia nini, haziingii ukutani kichwa chini. Na hata zingeingia, nimeshasema hapo juu: umeme ukigeuka umegeuka kote, na mota hii haijali. Kinachoigeuza ni kubadilishana kwa nyaya mbili za kwenye kaboni, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyezibadilisha alipokuwa anafunga. Nilimweleza hivyo kwa utulivu kabisa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ilikuwa inazunguka kinyume tangu zamani, mlikuwa hamjagundua."

Tuliacha hivyo. Fundi mwingine alizirudisha nyaya zile mahali pake, akaziona zilivyo na ngozi ya mpira iliyokauka na kupukutika, akaweka mpya zote. Hiyo ndiyo kazi ya kweli kwenye mota ya umri ule, kwani mpira wa nyaya za wakati huo hufa kabla ya shaba. Lakini mtu akikuambia nyaya zimezeeka humwamini, unaona anakutafutia bili. Akikuambia amecha imekufa, unatoa pesa.

Niseme na kuhusu mafuta, hata kama kuna wakubwa wataudhika.

Mafuta ya cherehani ni mepesi, maangavu, yanauzwa kwenye kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba, na bei yake haimfilisi mtu. Sasa nihesabieni yaliyowahi kumiminwa kwenye cherehani ya mama watoto na watu wenye nia njema: mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, mafuta ya breki, na oili ya pikipiki iliyokwisha tumika, nyeusi tii, aliyoileta mpwa wangu wa bodaboda akiapa kwamba pikipiki yake inanguruma kwa hiyo. Mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma huganda na kunata. Wiki ya kwanza cherehani inateleza, unamshukuru aliyetia. Baada ya miezi, kila kiungo kimeshikwa na gundi, mota inasukuma mzigo ambao haikuumbiwa, inapata moto, inanuka. Watu wanasemaje? Mota.

Na shangazi yangu mimi, Mungu amweke, aliposikia mota inapata moto, akaichukulia kichupa kizima. Aliipaka mafuta kama mwali wa singo. Yalipenya hadi kwenye pete, yakachanganyika na vumbi la kaboni, ukapatikana uji mweusi unaopitisha umeme unakotaka. Mota haiogeshwi. Inataka tone moja kila penye tundu la mafuta, mwisho huu wa shafti na ule, basi, ufute kinachozidi. Kuna mota nyingine za Singer ambazo hazina matundu hayo. Zina vijibomba vya grisi, na zinataka grisi laini inayolainika kwa joto la mota yenyewe ikapita kwenye utambi hadi kwenye shafti. Ukizijazia ile grisi nzito ya beringi za gari, inakaa palepale haisogei, na shafti inazunguka kavu huku wewe umeridhika kwamba umetia grisi.

Hiyo ni elimu ndogo. Wala haihitaji chuo. Ndiyo maana nakasirika.

Kuna kipimo ambacho namwambia kila anayeingia mlangoni na bisibisi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukifuata kabla ya kufungua. Chomoa plagi. Vua mkanda. Zungusha gurudumu kwa vidole. Likizunguka laini, cherehani ni nzima, nenda kaitazame mota. Likiwa zito, mota umeisingizia. Mara ya mwisho lilikuwa zito kweli, na mwenye duka la simu jirani alikuwa ameshaanza kulegeza skrubu za mota. Nikafungua sahani ya sindano mwenyewe. Chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa kulikuwa na vumbi la kanga lililoshindiliwa likawa gumu, unaweza kulikata kwa wembe. Nyuma ya gurudumu kulikuwa na uzi mwekundu uliojizungusha kwenye shafti, wa sare za harusi ya mtu ambaye sasa ana watoto shuleni. Uzi ukatolewa, vumbi likatolewa, mafuta yaliyoganda yakasuguliwa kwa mafuta ya taa na brashi, viungo vikaachwa vikauke, vikatiwa mafuta yenyewe. Gurudumu likazunguka kwa kuguswa. Mwenye duka la simu akasema, "Enhe, nimeshalegeza ile mota imepumua."

Mkanda nao una makosa yake. Watu huukaza hadi unalia, wakidhani ndiyo nguvu. Mkanda ukisukumwa kwa kidole unapaswa kubonyea kidogo. Ukikazwa sana unaivuta shafti ya mota upande mmoja mchana kutwa, bushi zinaliwa, joto linapanda. Naam, na lawama mnajua inakokwenda.

Ya usiku wa jini siwezi kuyaruka, maana hadi leo watu wananisimamisha sokoni.

Umeme ulikatika magharibi, jambo la kawaida. Mama watoto akaacha kanga chini ya sindano, akaenda zake kupika. Swichi ya ukutani hakuna aliyeikumbuka. Usiku wa manane umeme ukarudi, na sebuleni, gizani, hakuna mtu, cherehani ikaanza kupinda kanga. Kataa kake kamewaka. Inashona kwa kasi ya siku ya mwisho ya Ramadhani. Nilitoka nikasimama mlangoni, nyuma yangu mama watoto, nyuma yake shangazi ameshaanza kusoma. Kanga ikaisha, ikaendelea kushona hewa, mpaka uzi ukajikaba na sindano ikakatika. Nikavuta plagi.

Asubuhi habari ilikuwa mtaani. Kufikia adhuhuri cherehani ilikuwa imeshona kanzu nzima yenye tarizi, na imekataa kuzimwa. Wakaja wataalamu. Mmoja alisema ni marehemu mwenye cherehani hajaridhika na urithi. Mwingine alisema ni jini la kike, linataka doti ya kanga nyekundu na marashi, na akataja duka la kununulia, ambalo kwa bahati ni la mdogo wake. Shemeji alipiga simu kutoka kazini kusema mota imeingia nguvu kupita kiasi, ifunguliwe.

Aliyekuja kutatua ni mzee mmoja fundi wa redio, wa zile redio za mbao. Akaamkiwa, akaitikia, akakaa. Mota hakuigusa. Aliomba pedali. Akaifungua, akatoa kitu kidogo kilichovimba na kupasuka, kinanata. Kapasita. Akatueleza kwamba mota yenye kaboni inapotoa cheche hukwaruza redio za jirani, ndiyo maana kwenye cherehani nyingi za zamani waliweka kapasita humo, iimeze ile mikwaruzo. Kapasita za wakati huo ni za karatasi, na karatasi ikikaa miaka kwenye unyevu wa pwani inakufa. Ikifa vibaya inaacha umeme upite wenyewe bila kusubiri mguu. Kwa hiyo pedali imekanyagwa bila mtu kuikanyaga, na mota, mtumwa wa Mungu, imeletewa umeme ikafanya kazi. Akatia kapasita mpya, akasisitiza iwe ya aina inayohimili umeme wa ukutani, si ile ya kuchomolewa kwenye redio ya betri. Akanywa chai, akaenda zake.

Mtaani maelezo hayo hayakupendwa. Waliniambia kwamba jini ndilo lililoipasua hiyo kapasita. Shangazi aliifukiza pedali ubani kwa jioni kadhaa, nami sikumzuia. Ubani haupitishi umeme.

Ningedhani mtu akishuhudia hayo atajifunza kuiacha mota. Wapi. Mpwa wa mama watoto anayeishi Marekani alikuja likizo na Singer 221, kile kidogo wanachokiita Featherweight, kilichoanza kuuzwa mwaka 1933. Kitu kizuri, kina uzito wa kilo tano hivi, unakibeba kwa mkono mmoja ukienda harusini. Kwenye mota kuna kibandiko cha chuma kilichoandikwa kwa maandishi ya kusomeka kabisa: volti 110. Umeme wetu ni 230. Nilisema. Shemeji akasema kuna adapta. Nikasema adapta hiyo inabadili umbo la pini, haibadili volti. Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha umeme, zipo madukani. Tena nikaongeza kwamba tofauti ya mizunguko, 60 ya kwao na 50 ya kwetu, mota hii haiijali hata kidogo, inachojali ni volti tu. Nadhani niliongeza maneno mengi mno, wakaona nabishana.

Kile kicherehani kiliimba. Sijawahi kusikia sauti ile tena. Kisha kikatoa moshi mweupe, sebule ikanuka vanishi iliyoungua, na yule mpwa akaanza kulia. Mimi nimesimama pale nimefumba mdomo, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Shemeji akakohoa. "Mota za Marekani," akasema, "dhaifu."

Siku hizi wamebadilisha wimbo. Hawasemi tena ifunguliwe, wanasema ing'olewe, iwekwe mota mpya ya dukani, yenye wati nyingi zaidi. Nimeziona. Nyingine nzuri tu, sina ugomvi nazo. Lakini 201K ilipimiwa mota yake, na mshonaji amezoea kuigusa pedali kwa ncha ya dole gumba ikaenda mshono mmoja, mwingine, ikasimama. Ukimfungia nguvu za kiwanda, pedali ikiguswa tu sindano imeshapita kwenye kanga, kwenye kidole, na kwenye mipango ya siku nzima. Na yupo fundi cherehani wa barazani pale mwisho wa barabara, anayeshona kwa miguu, ambaye umeme ukikatika hucheka kwa sauti ili nimsikie. "Mzee! Toa mota, weka miguu!" Huyu simjibu, kwa sababu hoja yake ina ukweli na mimi sina nafasi ya meza ya miguu.

Idd inakaribia. Kanga zimerundikana hadi dirishani, za majirani, za wakwe, za watu nisiowajua. Mota imetiwa tone lake huku na tone lake kule, kaboni zimekaguliwa na bado ndefu, mkanda unabonyea unavyotakiwa. Inazunguka sawasawa. Na shemeji amepiga simu leo asubuhi kwa furaha kusema amenunua mita ya kupimia umeme, ya dijitali, na Jumamosi atapita aje kuipima ile mota, aone "inasemaje." Nikamwambia haisemi kitu. Akasema ndiyo hatari yenyewe.

Bisibisi zote nimezikusanya nikazifungia kwenye debe la mchele. Nikavuta kiti karibu na cherehani, nikakaa kuisikiliza, endapo itabadili sauti kabla ya Jumamosi. Mama watoto ameshona kanga tatu bila kuinua kichwa. Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mume wangu," akasema, "mota nzima. Nyuzi nzima. Hebu toka kwenye taa, unanitilia kivuli."